Mafunzo ya lazima yaanzie jaani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa afisa utumishi katika baraza moja la mji hapa Pemba, na katika kazi zote nilizokabidhiwa, iliyonikaa moyoni ni kusimamia mafunzo ya lazima. Ni ya lazima kwa sababu hayamsubiri mtumishi aombe wala mkuu wake ampendekeze. Aliyeajiriwa apate mafunzo elekezi. Anayeshika kemikali afundishwe kuzishika. Anayekusanya mapato ajue maadili na taratibu za fedha. Na kila anayefanya kazi chini ya paa la baraza ajue la kufanya moto ukizuka. Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 2 ya 2011 ipo, Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya 2005 ipo, na mabaraza yenyewe yanaongozwa na Sheria Na. 7 ya 2014. Kwa sheria hatuna shida kubwa. Shida nimeikuta katika mambo matatu: nani anaitwa, anaitwa saa ngapi, na ni kitu gani kinachohesabiwa kuwa amefundishwa.

Faili nililolirithi lilikuwa na orodha iliyopangwa kwa vyeo. Juu wakuu wa vitengo, kisha maafisa, makarani, madereva, na chini kabisa neno moja, "wengineo". Hao wengineo ndio wafagiaji wa barabara, wapakiaji wa gari la taka, watu wa jaa, wasafishaji wa mitaro, walinzi wa usiku na wahudumu wa soko. Vibarua wa mkataba hawakuandikwa popote, maana hawamo kwenye orodha ya mishahara ya watumishi wa kudumu. Fedha za mafunzo zilipopatikana, karatasi ilianza kujazwa kutoka juu, na fedha zikaisha kabla ya kufika chini. Ndivyo mafunzo ya usalama kazini yalivyokuwa yakihudhuriwa na watu wa mezani, na mama anayeingiza mkono kwenye pipa la taka kila alfajiri hakuwemo.

Hali ilizidi kuwa nzito baada ya 2017, pale ugatuzi ulipoleta elimu ya msingi, afya ya msingi na kilimo kwenye mabaraza. Watumishi waliongezeka ghafla, kila sekta ikaja na mafunzo yake, na aliyekuwa chini ya orodha akazidi kushuka.

Nikaamua orodha ianze upya, na swali la kwanza lisiwe cheo cha mtu, liwe mikono yake inagusa nini. Swali hilo halijibiki ukiwa ofisini. Nilitoka na wafagiaji baada ya sala ya alfajiri, nikafuatana nao na fagio zao za chelewa na magari ya mkono, nikaandika nilichokiona. Sindano zilizotupwa pamoja na maganda ya mihogo. Vigae vya chupa. Nyembe. Betri zilizopasuka. Nepi. Kwenye gari la taka wapakiaji walisimama kwenye chuma cha nyuma, na dereva alirudi kinyumenyume jaani bila mtu wa kumwongoza, katikati ya moshi wa taka zinazowaka. Machinjioni sakafu iliteleza kwa damu, na kijana aliyeshika kisu alivaa ndara. Hospitali haikuwa mbali, lakini hakuna aliyejua aende kumwambia nani akichomwa na sindano.

Kuanzia hapo orodha yangu ilianzia jaani na kumalizikia kwa mkurugenzi. Mkurugenzi hakudharauliwa, naye ana mafunzo yake ya lazima. Ila fedha zikikatika katikati ya safari, afadhali zikatike zikiwa zimeshapita kwa yule ambaye kutojua kunaweza kumuua.

Likaja suala la saa. Barua za mwito ziliandikwa kwa mazoea: saa 2:00 asubuhi, ukumbini. Mfagiaji saa hiyo yuko barabarani, na akiondoka, mji unabaki mchafu na msimamizi wake anamgombeza. Mlinzi wa usiku ndiyo kwanza anafika kwake kulala. Kisha mtu anaandikiwa "hakuhudhuria". Kundi la wafagiaji nikalihamishia saa 4:00, wakiwa wameshamaliza zamu ya kwanza, na si ukumbini bali kwenye yadi ya magari, wanapowekea vifaa vyao. Fedha ambayo ingelipia ukumbi ikanunua uji, chapati na glovu. Ijumaa hatukugusa, kwani watu wanajitayarisha na sala. Na msimu wa karafuu ukiwadia sikuita kundi lolote la vibarua, maana siku hizo familia nzima iko mashambani, ikichuma, ikichambua na kuanika, na kipato cha siku hizo ndicho kinachomsomesha mtoto. Kumwita mtu wakati huo kusikiliza habari za glovu ni kumlazimisha achague, na atachagua mkarafuu, na ana haki.

Walinzi niliwaita saa 3:00 usiku. Askari wa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi walikubali kuja saa hiyo bila kinyongo, na nawashukuru mpaka leo, kwani usiku ule tulijifunza jambo ambalo mchana tusingeligundua. Askari alishaeleza mtungi wa poda na mtungi wa hewa ya kaboni, akaeleza kwa nini moto wa umeme haumwagiwi maji, kisha akasema, haya, mzee, tuchukulie moto uko masjala, nenda kalete mtungi. Mlinzi, mtu mzima wa miaka ya baba yangu, hakunyanyuka.

"Mwanangu, mtungi umo ndani," akaniambia. "Mimi nalinda nje. Ufunguo anao karani, anaondoka nao kwao."

Hilo lilikuwa likijulikana kwa walinzi wote na halikujulikana na mtu yeyote mwenye mamlaka ya kulibadilisha. Mitungi miwili ilitolewa nje wiki ileile, ikatundikwa kwenye kibaraza palipo na taa. Tangu hapo nimeshikilia kwamba mafunzo ya usalama yafanyike mahali pa kazi, kwa saa ya kazi, mtu akiwa na vifaa vyake vya kila siku. Ukumbini kila mtungi uko karibu na kila mlango uko wazi.

Namna ya kufundisha nayo ilitaka kubadilishwa. Wakufunzi wengi hupenda kusoma kilichoandikwa ukutani, kisha wakagawa karatasi ya maswali. Kwenye kundi la wafagiaji, karatasi ile iliwanyamazisha kinamama waliokuwa wakizungumza vizuri dakika tano kabla. Katika daftari la mahudhurio wengi wao walikuwa wakiweka dole gumba, na ofisini ikachukuliwa kwamba hawajui kusoma. Mmoja wao, bi mkubwa ambaye wenzake wote humsikiliza, aliniomba kalamu akaandika jina lake na la mtaa wake kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa kupendeza kuliko wangu. Kiswahili kitupu, kwa herufi alizofundishwa chuoni, yaani madrasa, alipokuwa mtoto. Na hakuwa peke yake. Baraza lilikuwa limewahesabu watu hawa kuwa wajinga kwa sababu halikuwauliza wanasoma nini.

Tukaandika bango la hatua za kuchukua mtu akichomwa na sindano kwa hati zote mbili, za Kirumi na za Kiarabu, tukalibandika yadini. Mtihani wa karatasi tukauacha kwa kundi hilo. Badala yake kila mmoja alionesha kwa vitendo: namna ya kuvua glovu chafu bila upande wa nje kugusa ngozi, namna ya kuokota sindano kwa koleo na kuitia kwenye dumu gumu lenye kifuniko, namna ya kumpa dereva ishara. Aliyeweza, ameweza, na msimamizi ameshuhudia. Asiyeweza alirudia palepale, bila ya kutangazwa.

Katika huduma ya kwanza tuliwatenganisha wanawake na wanaume, na kwa wanawake akaja muuguzi wa kike. Mazoezi ya kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo umesimama, kwa nguvu ya kushusha kifua kama sentimita 5 na kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, hayafanyiki vizuri ikiwa mama amekaa nyuma kabisa akiona haya kupiga magoti mbele ya wanaume wasiokuwa maharimu wake. Tulipowatenganisha, walipiga magoti wote.

Kuhusu klorini nina msisitizo wangu mwenyewe. Kipindupindu cha 2015 na 2016 kiliwapata watu zaidi ya 4,000 Zanzibar, na kila masika sisi wa mabaraza tunakikumbuka. Maji ya klorini ya asilimia 0.5 ni ya sakafu, vyoo na vyombo vya kazi. Ya asilimia 0.05, yaani hafifu mara kumi, ndiyo yanayofaa mikono. Mtu akiyageuza, ama anajichubua ngozi ama anaacha vijidudu vikiwa hai. Nilikuta pia wahudumu wa vyoo vya soko wakichanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi ndani ya ndoo moja, wakiamini ikiwa kali zaidi itasafisha zaidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha gesi hiyo inaweza kumwangusha mtu. Mmoja wao alisema ndiyo maana kila akimaliza kuosha hukohoa mpaka usiku. Alikuwa akikohoa muda mrefu, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa nije kwenye jambo lililonigombanisha na wakubwa. Kabla ya mafunzo, daftari la ajali lilikuwa karibu tupu. Baada yake likaanza kujaa: huyu kachomwa sindano, yule kakatwa na kigae, mwengine kaangukiwa na pipa. Mkuu mmoja aliniita akanionesha taarifa ya robo mwaka. Kwa maoni yake mafunzo yangu yalikuwa yameleta ajali, kwa kuwa zamani hazikuwepo.

Zilikuwepo. Mama aliyechomwa alikuwa akinyonya kidole, akifunga kitambaa na kuendelea kufagia, kwa kuhofia kwamba akisema ataambiwa kazi haimfai. Walipofundishwa ndipo walipojua kuwa jeraha la sindano linaoshwa kwa maji mengi na sabuni bila kukamuliwa, kwamba dawa za kukinga VVU huanzwa haraka iwezekanavyo na hazina maana zikichelewa kupita saa 72, na humezwa kwa siku 28. Walijua kwamba homa ya ini ya aina B ina chanjo ya dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu katika mwezi wa sita, na wakaanza kuidai. Mtu aliyekuja mbio ofisini kwangu saa 3:00 asubuhi kusema "nimechomwa" alikuwa mtu aliyefundishwa. Nilimwambia mkuu wangu hivyo, kwa heshima, na nikamwomba taarifa ya robo ioneshe pia muda uliopita kati ya ajali na kufika hospitali. Safu hiyo ikaongezwa. Hakusema kama amekubali, na mimi sikumuuliza tena, safu ilinitosha.

Daftari tupu la ajali linanitia wasiwasi zaidi kuliko lililojaa. Nawaomba wenzangu wa mabaraza mengine walitizame la kwao kwa jicho hilo.

Posho ni jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, na nadhani lisemwe wazi. Mafunzo yenye posho hujaza ukumbi kwa watu ambao mada haiwahusu, na mafunzo yasiyokuwa na posho humkuta mfagiaji akijiuliza nani atamlipia nauli ya daladala ya pili siku hiyo. Wote wawili wana sababu zao, mishahara tunaijua. Nilichofanya ni kutenganisha. Mafunzo ya lazima yanayofanyika ndani ya saa za kazi, mahali pa kazi, hayana posho kwa cheo chochote, mkubwa wala mdogo. Anayetolewa nje ya zamu yake, kama walinzi wasiokuwa zamu usiku huo na wafagiaji wa jioni, analipwa nauli na chakula, kiwango kimoja kwa wote. Mwezi wa kwanza maofisa wengine walinuna. Kisha maombi ya kuongezwa kwenye orodha za mafunzo yasiyowahusu yakapungua yenyewe, na fedha ikaanza kufika kule chini.

Mafunzo ya mtandaoni yalipoingia, kuhusu maadili na utunzaji wa siri za taarifa, nilibaini kwamba makarani wawili watatu walikuwa wakiwafanyia wakuu wao. Nywila wanazo, wanabonyeza, cheti kinatoka kwa jina la bwana mkubwa. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwani mkuu aliyefanyiwa mafunzo ya maadili na karani wake ameshamfundisha karani huyo jambo jengine kabisa kuhusu maadili. Sikumtaja mtu. Nilipendekeza tu kwamba mada hizo mbili zifanywe kwa pamoja, chumba kimoja, kila mtu na simu yake, mkurugenzi akikaa mbele, na baada ya kila sehemu tuijadili kwa mifano ya hapa: mpangaji wa kibanda sokoni anayekuomba umfutie deni, ndugu anayetaka kujua nani kaomba kibali cha ujenzi. Mkurugenzi alikubali na akaja, na kuja kwake kulifanya kazi kuliko waraka wowote. Wakusanya mapato ndio waliozungumza zaidi, kwani malipo kuhamia kwenye mfumo wa kielektroniki kumepunguza fedha mkononi lakini hakujaondoa anayekuvuta pembeni na kukuomba mpatane.

Kumbukumbu nazo zinataka uangalifu. Saini kwenye karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba mtu aliingia mlangoni. Mimi natunza jedwali ambalo kila mtu ana mstari wake, vibarua wakiwemo: kazi anayoifanya sasa, hatari zake, alichoonesha kwa vitendo, nani alishuhudia, lini arudie. Anayehamishwa kutoka soko kwenda jaani mstari wake unafunguliwa upya siku hiyohiyo, maana hatari zimebadilika. Anayehamishiwa Unguja anaondoka na nakala yake mkononi, kwa kuwa faili huvuka bahari polepole kuliko mwenye faili. Wakaguzi walipokuja walipenda jedwali hili kuliko marundo ya karatasi za saini, ingawa karatasi hizo bado wanazitaka na bado nawapa.

Linalonisumbua mpaka sasa ni kalenda, kwa sababu ninapanga kwa kalenda tatu zisizosikilizana. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kwisha Juni 30, na fedha za mafunzo zina tabia ya kuja mwishoni, kwa hiyo kila mtu hukimbilia kufundisha Mei na Juni. Mvua za masika ni Machi hadi Mei, na watu wa mitaro na taka wanatakiwa wawe wameshafundishwa kabla ya hapo, si wakati maji yameshaingia majumbani. Na Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2025 iliangukia Machi, 2026 ikaanza Februari, yaani imekalia dirisha lilelile ambalo ningelitumia kabla ya mvua. Saa za kazi zinapungua, watu wamefunga, na kumsimamisha mfagiaji aliyefunga juani kwa mazoezi ya kubeba majeruhi mimi siwezi.

Ramadhani ya 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 8 Februari. Inabaki Januari, na Januari ina Mapinduzi tarehe 12, ambapo wafagiaji wote wako barabarani kutengeneza mji kwa ajili ya sherehe. Kwa hiyo kundi la jaa na mitaro nimeliweka kati ya Mapinduzi na mwisho wa mwezi, saa 4:00, yadini, na barua ya kuomba fedha inatoka Oktoba ili ofisi ya fedha isije ikaniambia kasma, yaani fungu la fedha, imefungwa. Muuguzi ameshakubali. Zimamoto wamesema nichague usiku, nami nimewaachia walinzi wachague wenyewe.